Saa tatu ya nani? Historia fupi ya wanafunzi walioandika programu pamoja bila kuonana

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliahidi kueleza kwa maandishi ile habari ya saa tatu, maana muda ulituishia na wengi mmeniandikia mkitaka kujua iliishaje. Basi naieleza hapa. Ila naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nilipokaa kuiandika niligundua kwamba ni kipande kidogo cha historia ndefu, na historia hiyo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha chuoni, ingawa digrii yangu ni ya kompyuta.

Kwanza kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa 2011 nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Uingereza. Tulikuwa na somo moja ambalo tuliandika programu pamoja na wanafunzi wa chuo kimoja cha Dar es Salaam. Watatu huku, watatu kule, wiki kumi, alama moja ya kundi zima na nyingine ya kila mtu peke yake. Programu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba. Wenzangu wawili wa huku walikuwa Waingereza, kwa hiyo mimi, mtoto wa mama wa Tanga, nikajipa ukubwa. Nikawa mkalimani bila kuombwa. Wenzetu wa Dar walijua Kiingereza vizuri kabisa, lakini mimi nilitaka waone kwamba nami ni wa kwao.

Siku moja nikamwandikia kiongozi wao, dada mmoja mtulivu aliyekuwa anaandika sehemu ngumu kuliko zote: "Dada, Alhamisi tukutane Skype saa tatu, tupange kazi iliyobaki."

Wewe uliyelelewa na saa za Kiswahili umeshaliona shimo. Mimi nilimaanisha ile saa ambayo mshale mfupi unakaa kwenye namba 3, yaani saa tisa mchana kwa hesabu ya mama yangu, na tena saa ya Uingereza. Nyumbani mama akisema saa tatu nilikuwa namwelewa bila shida, kwa sababu tuko jikoni, ni asubuhi, na chai iko mezani. Lakini nikishika kibodi kichwa changu kinafikiri Kiingereza, halafu kinahamisha namba kama ilivyo. Nadhani wengi wetu tuliozaliwa huku tuko hivyo hivyo, tunalijua neno na hatuishi ndani ya saa yake.

Yeye alisoma kile nilichokiandika. Saa tatu, na kwa kuwa vikao vyetu vilikuwa vya jioni, basi saa tatu usiku, Dar es Salaam. Sisi tulikaa mbele ya kompyuta mchana, tukasubiri dakika arobaini, hakutokea mtu. Wao walibaki maabara usiku, wakasubiri, hakutokea mtu. Wiki iliyofuata kulikuwa na mgao wa umeme, na mnaoikumbuka Tanzania ya 2011 mnajua ulivyokuwa. Siku nne hatukupata jibu lolote. Tukasema hawa hawako makini, tukagawana kazi bila wao.

Mwisho wa somo kila mmoja alijaza fomu ya kuwapima wenzake. Niliandika kwamba yule dada hana bidii na hajibu ujumbe. Najua neno langu lilikuwa na uzito kuliko la wale Waingereza wawili, maana mimi ndiye niliyeonekana kuwajua watu wa kule.

Nitarudi kwenye fomu ile. Kwanza turudi nyuma miaka arobaini na miwili.

Wanafunzi walioachiwa kazi ya wakubwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, lililoitwa ARPA, lilitaka kuunganisha kompyuta za vyuo na taasisi zilizokuwa zinafadhiliwa nalo. Vituo vinne vya mwanzo vilikuwa chuo cha UCLA mjini Los Angeles, Stanford Research Institute, chuo cha Santa Barbara na chuo kikuu cha Utah. Kampuni ya BBN ilipewa kazi ya kutengeneza mashine za kupitisha ujumbe. Lakini kompyuta zikishaunganishwa zitazungumza lugha gani? Kila kituo kilikuwa na kompyuta ya aina yake. Swali hilo halikuwa na mwenyewe, na likaangukia wanafunzi wa shahada za juu.

Mmoja wao alikuwa Steve Crocker wa UCLA. Pamoja naye walikuwepo Vint Cerf na Jon Postel, na wote watatu walikuwa wamesoma sekondari moja, Van Nuys, hapo hapo Los Angeles. Walianza kukutana na wanafunzi wa vituo vingine mwaka 1968, mara kituo hiki mara kile. Hakuna aliyewapa cheo. Crocker alikuja kusimulia baadaye kwamba walikuwa wanatarajia wakati wowote watu wazima, wataalamu wenyewe, watokee na kuwaambia watoto pisheni. Hawakutokea.

Ikabidi waandike walichokuwa wamekubaliana. Crocker akaandika waraka wa kwanza usiku, ndani ya bafu, kwa sababu nyumba aliyofikia ilikuwa imejaa watu waliolala na hakutaka kuwaamsha. Una tarehe ya 7 Aprili 1969. Aliogopa uonekane kama amri ya mtu asiye na mamlaka, kwa hiyo nyaraka za aina hiyo akaziita maombi ya maoni. Kifupi chake, RFC, kipo mpaka leo, na nyaraka hizo zimepita 9,000. Intaneti yote unayotumia kusoma makala hii imesimama juu yake.

Wiki hiyo hiyo waliweka kanuni za kuandika nyaraka hizo, na mimi kila nikizisoma huwa nasimama. Walisema mtu yeyote anaweza kuandika, na waraka unaweza kuwa sentensi moja. Wazo lisiloiva linakaribishwa, na kuwahi ni bora kuliko kupamba. Sababu walizitoa wazi. Watu huona kitu kilichoandikwa kama ndiyo neno la mwisho, na pia huona haya kutoa kitu ambacho hakijakamilika. Yaani vijana wale, kabla hata mtandao wao haujawaka, walishaelewa kwamba haya ingeweza kuua kazi kuliko hitilafu ya mashine.

Na unajua nyaraka hizo walizipelekaje? Kwa posta. Mtandao ulijengwa na watu waliokuwa wanaandikiana barua.

Usiku wa 29 Oktoba 1969 mwanafunzi Charley Kline wa UCLA alijaribu kuingia kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Upande wa pili alikuwepo Bill Duvall, na wote wawili walikuwa na simu ya kawaida sikioni. Kline akaandika L, akauliza kama imefika. Imefika. Akaandika O. Imefika. Akaandika G, mfumo ukaanguka. Baada ya kama saa moja walifaulu. Watu husimulia hizo herufi mbili tu, lakini mimi naiangalia ile simu. Siku ya kwanza kabisa ya mtandao, watu wawili waliona kwamba kupeleka ujumbe hakutoshi, na kwamba kuna kazi nyingine ya kuuliza: umekufikia? umeuonaje?

Mimi sikumuuliza dada yule alivyoielewa saa tatu.

Kutoka Carolina hadi Helsinki

Kuanzia hapo ukifuatilia vifaa tunavyotumia kufanya kazi kwa mbali, utakutana na wanafunzi kila kona. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis wa chuo cha Duke, North Carolina, walibuni Usenet, na Steve Bellovin wa chuo jirani akaandika toleo lake la kwanza. Kompyuta zilikuwa zinapigiana simu kwa modemu, zinabadilishana habari za watu, kisha zinakata. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa chuo kikuu cha Oulu, Finland, aliandika IRC, mahali pa kupiga soga kwa maandishi papo kwa papo. Makundi ya WhatsApp yanayotuamsha usiku ni wajukuu wake.

Halafu akaja Linus Torvalds. Mwaka 1991 alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki. Tarehe 25 Agosti aliandika kwenye kundi moja la Usenet kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kama jambo la kujifurahisha tu, akauliza watu wangependa uwe na nini. Watu wa nchi mbalimbali wakamjibu, na baada ya muda wakaanza kumtumia marekebisho kwa barua pepe. Wengi hawakuwahi kuonana naye. Leo Linux ndiyo iliyo chini ya simu zote za Android na seva nyingi duniani.

Ilifanyaje kazi? Kwa sehemu kubwa kwa desturi ya kuandika. Anayeleta rekebisho alitakiwa aeleze alichobadilisha na kwa nini, kwa maneno ambayo mtu aliyelala upande wa pili wa dunia akiamka atayaelewa bila kumwamsha mwenzake. Hakuna aliyetegemea kwamba wote watakuwa macho wakati mmoja.

Mwaka 2005 Torvalds aliandika Git, baada ya mfumo waliokuwa wanautumia kutunza kazi yao kuondolewa ruhusa ya kutumika bure. Hapa niwaeleze jambo la kiufundi kidogo, kwa sababu linahusu kesi yangu. Sisi mwaka 2011 chuoni tulitumia mfumo wa zamani zaidi, Subversion. Katika Subversion historia ya kazi inakaa kwenye seva moja, na ukitaka kazi yako iandikwe kwamba imefanyika, lazima uifikie seva hiyo. Yetu ilikuwa Uingereza. Git haiko hivyo. Kila mtu anabeba nakala nzima yenye historia yote, anaandika kazi yake hata intaneti ikiwa imekatika, kisha akipata mtandao anapeleka yote pamoja, na tarehe zinaonekana.

Kwa hiyo siku ambazo Dar hakukuwa na umeme wala intaneti, kazi ya yule dada kwetu haikuwepo. Kisha ikatokea yote kwa mkupuo usiku mmoja, nasi tukasema, "Unaona, anafanya dakika za mwisho." Chombo tulichochagua sisi ndicho kilichomfanya aonekane mvivu.

Darasa lililovuka bahari

Hadi hapo nimezungumzia wanafunzi waliojikusanya wenyewe. Wazo la kulifanya liwe somo, na alama zake, lilikuja baadaye kidogo. Mfano ninaoupenda ni mradi wa Runestone, ulioanza 1998 kati ya chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, na Grand Valley State University, Michigan. Mats Daniels wa Uppsala alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kila kundi lilikuwa na wanafunzi wa pande zote mbili, na tofauti ya saa kati yao ni sita.

Kazi waliyopewa ilikuwa ya kupendeza. Mnaukumbuka ule mchezo wa ubao wenye vishimo, unaupindisha huku na huku ili gololi ipite njiani bila kutumbukia? Wasweden wana kampuni inayoutengeneza, Brio. Walimu waliufunga mchezo huo injini ndogo mbili na kamera, na wanafunzi wakatakiwa waandike programu ili mtu aliye popote aweze kuuendesha kwa mtandao. Hakuna upande mmoja ungeweza kuimaliza peke yake bila kuutegemea mwingine. Waliwasiliana kwa barua pepe na kwa ile IRC ya kijana wa Oulu.

Walimu wa Runestone walifanya jambo ambalo somo letu halikulifanya, nalo ni kuyachukulia mawasiliano yenyewe kuwa sehemu ya kinachosomwa. Walihifadhi mazungumzo, wakayachunguza kwa miaka, wakaandika juu yake. Sisi tulipewa anwani za wenzetu na tarehe ya kumaliza, basi.

Miaka michache baadaye, kuanzia 2007, chuo cha ETH cha Zurich chini ya Bertrand Meyer kikaanzisha somo la namna hiyo lililokuja kushirikisha vyuo vya nchi nyingi, zikiwemo Italia, Urusi, Ukraine, Vietnam na Argentina. Kati ya Argentina na Vietnam kuna saa kumi. Hapo hakuna saa inayomfaa kila mtu, kuna swali tu la nani ataamka usiku leo na nani kesho.

Hesabu ya njia

Fred Brooks, aliyesimamia mfumo mkubwa wa programu wa IBM, alitoa kitabu mwaka 1975 akionyesha kwamba watu wakiongezeka, njia za mawasiliano kati yao huongezeka kwa kasi zaidi. Watu watatu wana njia tatu. Watu sita wana kumi na tano.

Nimepiga hesabu ya kundi letu. Kati ya njia kumi na tano, tatu zilikuwa huku kati yetu, tatu kule kati yao, na tisa zilivuka bahari. Tisa! Sisi tulitumia ngapi? Moja. Mimi na yule dada. Mimi mwenyewe ndiye niliyelitaka hilo, kwa sababu niliona raha kuwa mlango pekee. Wenzangu wangemwandikia kwa Kiingereza chao cha kawaida, na wangetaja saa yenye namba nne, 15:00, na jambo lingekwisha.

Mwamarekani mwingine, Melvin Conway, aliandika mwaka 1968 kwamba watu wanaotengeneza mfumo huishia kutengeneza kitu chenye umbo la mawasiliano yao. Mfumo wetu wa maktaba ulimtii kabisa. Siku ya kuuonyesha ulikuwa na nusu mbili. Ya kwetu ilimjua mwanachama kwa namba, ya kwao ilimjua kwa jina. Zilikutana mahali pamoja tu, kwenye faili niliyoiandika mimi, na hapo ndipo ilipokwama.

Ukimya

Mwaka 2001 mtafiti Catherine Cramton alichapisha uchunguzi wa makundi 13 ya wanafunzi waliofanya kazi pamoja kutoka vyuo vya mbali. Walikuwa wanafunzi wa biashara, si wa programu, lakini ukisoma utadhani alikuwa amejificha chini ya meza yetu. Alitaja matatizo matano. Watu hawaelezani hali zao za huko waliko. Taarifa huwafikia wengine na kuwakosa wengine. Jambo ambalo huyu analiona zito, yule analiona la kawaida. Mitandao yao haina kasi sawa. La tano ndilo lililonishika: hawajui ukimya una maana gani.

Mtu asipojibu, huenda amekubali. Huenda amekataa na anaona vibaya kusema. Huenda hajaupata ujumbe, au ameupata umeme ukakatika. Ukiwa naye chumba kimoja unamtazama uso. Ukiwa mbali unajaza mwenyewe, na Cramton aliona kwamba watu hujaza kwa tabia badala ya hali. Hatusemi "huenda kwao kuna tatizo." Tunasema "yule ni mzembe."

Sisi watoto wa familia zilizotawanyika tulipaswa kulijua hili kabla ya mtu yeyote. Nimekulia kwenye nyumba ambayo shangazi akikaa wiki mbili bila kupiga simu, mama hasemi shangazi ana kiburi. Anasema labda vocha imekwisha, labda wamekwenda mazikoni, ngoja tumuulize jirani. Elimu hiyo nilikuwa nayo bure. Nilipoingia chuoni niliiacha mlangoni, kwa kuwa sikudhani kuwa ni elimu.

Na hali za kule zilikuwepo za kutosha kuulizwa. Mpaka katikati ya 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya nje ya Tanzania na Kenya ilipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ardhi, neno linapanda, linashuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Sisi tulisoma habari hizo tukadhani kwamba sasa wote tuko sawa. Lakini mkongo ukifika ufukweni haujafika maabara, na maabara ikiwa na intaneti bila umeme haina kitu. Kisha tarehe 27 Machi 2011 Uingereza ikasogeza saa mbele, tofauti na Dar ikashuka kutoka saa tatu hadi mbili, wao hawabadilishi saa kabisa, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Tukapishana tena.

Eldoret na Oslo

Nisije nikaacha picha kwamba kwetu ni mahali pa kukatikiwa tu. Katika miaka hiyo hiyo programu mbili kati ya zilizofanikiwa sana kuandikwa na watu waliotawanyika zilikuwa na mizizi Afrika.

Moja ni OpenMRS, mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa. Chuo kikuu cha Moi cha Eldoret, Kenya, na chuo kikuu cha Indiana, Marekani, vilikuwa na ushirikiano wa muda mrefu wa udaktari. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin kutoka Indiana walikwenda Eldoret kusaidia, na hapo likazaliwa wazo la mfumo mpya ulio wazi kwa kila mtu. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Google walikuwa wameanzisha 2005 mpango wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria wakati wa likizo, kila mmoja akiwa kwao na mlezi wake nchi nyingine. OpenMRS iliingia katika mpango huo 2007. Kwa hiyo mwanafunzi wa bara jingine kabisa aliweza kuandika kitu ambacho muuguzi wa Bonde la Ufa atakibonyeza kesho yake.

Nyingine ni DHIS2, inayokusanya takwimu za afya. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na toleo hili la pili lilianza kujengwa katikati ya miaka ya 2000 chuo kikuu cha Oslo, wanafunzi wa uzamili wakiwa miongoni mwa waandishi wake, pamoja na wenzao wa nchi kama India na Vietnam. Zanzibar na chuo kikuu cha Dar es Salaam vimo katika mtandao huo tangu zamani. Kenya iliuchukua kwa nchi nzima mwaka 2011.

Mwaka ule ule, yaani. Wakati mimi najaza fomu kusema watu wa kule hawajibu ujumbe.

Fomu

Miezi miwili iliyopita, nikiandaa kipindi, nilifungua barua pepe za zamani nitafute tarehe. Nikakuta ujumbe wake wa Alhamisi ile, ambao nilikuwa nimeupita haraka: "Tuliwasubiri mpaka saa nne kasoro robo. Poleni kama mlipata dharura." Nimeusoma mara nyingi. Saa nne kasoro robo. Kila kitu kilikuwa humo, na alitupa pole juu yake.

Nikamtafuta. Haikuwa vigumu, sasa ana kazi nzuri tu, huko huko Dar. Nikamweleza yote pamoja na fomu, nikamwomba radhi. Siku mbili kimya. Mnaweza kukisia nilivyojaza ukimya ule.

Kisha akajibu: "Kaka, mambo ya saa niligundua mwezi ule ule. Nikasema huyu anajiita Mswahili, ataona mwenyewe. Hukuona. Ile fomu sikuijua, na iliniuma alama zilipotoka. Ahsante kwa kusema." Akaongeza kwamba usiku ule daladala zilikuwa zimekwisha, wakarudi watatu kwa miguu.

Sikuwa na la kujibu zaidi ya ahsante na samahani, nikayaandika yote mawili. Hakunijibu tena, na safari hii sijazi kitu.

Kazini siku hizi nina wenzangu katika nchi tatu. Nikiweka kikao naandika saa mara mbili, kwa saa ya kila mji, na namwomba mmoja anirudishie kwa maneno yake. Vijana wanaona nazeeka mapema. Jumapili nilimsimulia mama kisa chote. Alikuwa anamimina chai. Akatazama saa ya ukutani, akasema, "Sasa hivi saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu na dakika kumi, mama. Akasema, "Kumbe unajua," akanisogezea kikombe.